Simu Nzuri ni Ile Yenye Moto

GOMA – Kila mwaka, Septemba ikifika, kampuni ya Apple huko Marekani hutangaza simu yake mpya. Hazipiti hata siku mbili, vijana wa Birere wanakuwa wanajua sifa zake zote: ina kamera ngapi, kioo cha aina gani, rangi zipi. Wengi wao hawajawahi kuishika. Mwanzoni mwa mwaka huwa ni zamu ya Samsung. Kisha zinakuja Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, Uchina, inayoitwa Transsion, na hizo ndizo hasa zinazofika kwenye meza za wauzaji na mifukoni mwa watu.

Mazungumzo hayo ni matamu, na hakuna sababu ya kuwakataza vijana. Mtu aliyeacha nyumba yake Masisi au Rutshuru hakuacha huko hamu ya kuona kitu kipya. Shida ni kwamba maswali yanayoulizwa juu ya simu mpya ni maswali ya mtu mwenye prizi ukutani. Ina kamera gani? Ina mbio kiasi gani? Ina IA? Familia iliyohama ingepaswa kuanza na swali jingine: ikitiwa moto leo asubuhi, itazimika lini? (Wasomaji wa mbali wasishangae. Huku Kivu simu ikiishiwa chaji husemwa imeisha moto.)

Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu iliyoitwa 1100. Ilikuwa na vifungo, kioo kidogo kisicho na rangi, na tochi kichwani. Kamera haikuwa nayo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na hadi leo imo katika orodha ya simu zilizouzwa sana kuliko zote tangu simu zianze. Wajukuu wake bado wako sokoni, wengi wakiwa na jina la itel au Tecno, na bado wana tochi ileile. Kijana anayemkuta mama yake na simu ya namna hiyo humcheka. Amcheke, lakini kabla ya kucheka afanye hesabu.

Batiri ya simu ya kugusa ya siku hizi mara nyingi ni 5,000 mAh. Ile ya simu ya tochi ni kama 1,000, au zaidi kidogo. Anayetazama namba hizo haraka atasema ya kugusa imeshinda. Lakini ya kugusa ina kioo kikubwa cha kuwasha, inatafuta intaneti hata ikiwa mfukoni, na ndani yake kuna programu zinazokula moto kimyakimya. Kwa mtu anayeitumia kweli, inakaa siku moja. Ya tochi, kwa mtu anayepiga na kupokea simu chache tu, inakaa siku nne au tano, na batiri yake ndogo inajaa kwenye paneli ndogo ya jua hata siku ya mawingu, na Goma siku za mawingu si haba.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa simu wanalijua vizuri. Mahali penye rezo dhaifu simu inamaliza moto kwa haraka zaidi, kwa sababu inaongeza nguvu ili iufikie mnara ulio mbali. Kwa hiyo simu ileile iliyofika jioni ikiwa na nusu ya moto mjini, ikienda kijijini ambako rezo inapatikana juu ya kilima tu, itazimika saa saba mchana. Watu waliorudi vijijini baada ya kambi za pembeni ya Goma kuondolewa mwezi wa Februari 2025 wameliona hilo wenyewe. Wengi walidhani simu imeharibika.

Aliyelala Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya enzi za kambi anakifahamu kibanda cha kutia moto simu: ubao mmoja, nyaya nyingi, kila simu na karatasi yake ya namba. Mama anaiacha asubuhi, anarudi jioni, analipa franka zake. Saa zote hizo simu haiko naye. Mwanawe aliye Kampala au Bukavu akipiga, hampati, na anaanza kuwaza mabaya. Wakati mwingine simu inarudi na batiri ambayo si yake. Wakati mwingine hairudi kabisa. Busara ndogo ambayo wamama wengi waliijifunza hapo ni kuchomoa kadi ya SIM kabla ya kuacha simu, na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Simu inaweza kununuliwa tena. Kadi ya SIM, kama itakavyoonekana mbele, ni habari nyingine.

Basi wauzaji wameleta dawa ya shida hiyo, nayo ni pawabenki. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana hiki ndicho kifaa kipya chenye faida kubwa kuliko vyote kwa familia isiyo na umeme, na ndicho pia wanachodanganyiwa watu zaidi.

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haitoi 10,000 zote kwa simu. Seli za ndani zina volti 3.7, na moto unaotoka kwenye waya ni volti 5. Katika kubadilisha huko, kiasi kinapungua na kingine kinapotea kama joto. Ikiwa ni ya kweli, itajaza simu ya kugusa ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, kisha basi. Simu ya tochi yenye batiri ya 1,000 itaijaza mara saba au nane. Kwa maneno mengine, pawabenki moja inaipa simu ya kugusa siku moja na nusu hivi, na inaipa simu ya tochi mwezi mzima.

Hiyo ni pawabenki ya kweli. Mezani kuna nyingine, nyepesi kama sanduku la kiberiti, imeandikwa 50,000. Mtu asihitaji shule kuijua. Moto unawekwa ndani ya seli, na seli zina uzito. Pawabenki ya kweli ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi. Ile ya 50,000 ingekuwa zito kama tofali dogo, kilo moja hivi. Ikiwa ya 50,000 inakaa kiganjani kama karanga, kilichoandikwa nje hakimo ndani. Waliowahi kuifungua kwa udadisi wamekuta seli moja na mfuko wa mchanga. Na jambo la mwisho juu ya hili: batiri iliyovimba, ya simu au ya pawabenki, isitiwe moto tena na isilaliwe karibu na mtoto. Hema la turubai au nyumba ya mbao huko Goma ikishika moto, inachukua na za majirani.

Turudi kwenye kadi ya SIM. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege nao ulifungwa. Mshahara, msaada wa shangazi aliye Ulaya, pesa ya kodi ya nyumba, vyote vikalazimika kupita kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Noti zilipokuwa haba, wenye vibanda vya kutoa pesa walikata kamisheni iliyowaliza watu, na bado watu walipanga mstari, kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

Kitu ambacho matangazo ya simu mpya hayasemi ni kwamba huduma hiyo, iliyozishika familia miezi hiyo yote, haihitaji simu mpya. Haihitaji hata intaneti. Mtu anabonyeza nyota, namba fupi na alama ya mwisho, menyu inakuja kwenye kioo kidogo cha simu ya tochi sawasawa na kwenye simu ya dola elfu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 kwa watu ambao simu zao zilikuwa za vifungo, na ilifika Kongo mwaka 2012. Katika teknolojia zote zilizoingia Kivu kwa miaka 20, ni vigumu kutaja nyingine iliyookoa familia nyingi kiasi hicho, na inafanya kazi kwenye simu inayochekwa na vijana.

Ndiyo maana kupoteza SIM ni msiba. Ili kurudishiwa namba ileile, mtu anaombwa kitambulisho, na kwa Wakongomani wengi kitambulisho ni kadi ya mchaguzi. Aliyekimbia usiku akiwa na mtoto mgongoni hakuwa na muda wa kutafuta kadi ya mchaguzi chini ya godoro. Tena wengi hawakuandikisha SIM kwa jina lao. Waliinunua tayari, ikiwa na jina la mtu wasiyemjua. Siku inapopotea, pesa iliyomo inabaki kwenye jina la huyo mtu. Kama kuna kazi moja ya simu ambayo familia inapaswa kuifanya wiki hii, kabla ya kuwaza kamera, ni kuhakikisha namba yenye pesa imeandikwa kwa jina la mtu wa nyumbani mwenye kadi.

Vijana watajibu kwamba simu ya tochi haina WhatsApp. Wana haki, na jibu lao halipaswi kupuuzwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umewarudishia watu wengi ndugu zao. Bibi asiyejua kusoma anabonyeza, anasema kwa Kihunde au Kinande chake, na mjukuu aliye Kisangani anasikia sauti yenyewe, na kilio chake, na kicheko chake. Picha ya mtoto aliyepotea inafika kwenye vikundi 20 ndani ya saa moja. Mwanafunzi ambaye shule yake ilifungwa anapata somo. Haya yote simu ya vifungo haiwezi, na mzee anayesema simu za kugusa ni upuuzi mtupu hajawahi kutafutiwa mtu wake kwa picha.

Lakini huko nako kuna mtego. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Androidi 4.4 na za chini yake. Simu hizo hazikuwa zimekufa. Vioo vilikuwa vizima, batiri ziko, sauti ziko. Programu ilisema tu kwamba haiwajui tena. Wiki chache baadaye vita vikaingia Goma, na kuna waliokuwa wamebaki na simu nzima isiyoweza kuwatafutia watoto. Walioamua tarehe hiyo mbali huko hawakuwa na nia mbaya na Kivu, hawakuiwaza kabisa. Anayenunua simu ya mkono wa pili, basi, asiangalie kamera kwanza. Afungue sehemu ya mipangilio, asome namba ya Androidi. Ikiwa ni 5 au 6, bei iwe ndogo sana, kwa sababu zamu yake inakuja.

Neno linalovuma sasa ni IA, akili bandia. Kila simu mpya inasema inayo. Januari 2024 Samsung ilitoa Galaxy S24, ambayo bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa karibu dola 800, na sifa iliyowashangaza wengi ni kutafsiri mazungumzo ya simu papo hapo, mtu akisema lugha hii, wa upande wa pili anasikia lugha yake. Ilianza na lugha 13. Kipolandi kilikuwemo, Kithai kilikuwemo, Kivietinamu kilikuwemo. Kiswahili, kinachosemwa kutoka pwani ya bahari ya Hindi mpaka Kisangani na Lubumbashi, hakikuwemo. Google Translate ina Kiswahili tangu zamani, na iliongeza Kilingala mwaka 2022, na hilo ni jambo zuri; ila anayeizungumzia kwa Kiswahili cha sokoni Goma, chenye Kifaransa nusu na Kinyarwanda robo, ataona inavyotoa macho.

IA iliyofika kweli hapa Goma ni ile ya upande mbaya. Picha za watu wasiokuwepo, video za mabomu ya nchi nyingine, sauti ya kiongozi akisema maneno ambayo hakuyasema. Zamani kutengeneza uongo wa namna hiyo kulihitaji fundi na siku nzima. Sasa mtoto anautengeneza kwa dakika mbili. Na uongo huo una miguu: familia moja ikiupokea saa nne za usiku, saa tano mtaa mzima uko barabarani na magodoro kichwani. Hakuna programu kwenye simu ya kawaida inayoweza kumwambia mama kwamba video ile ni ya uongo. Kinachosaidia ni cha kale: kumpigia mtu aliye mahali penyewe, na kusubiri habari ya redio.

Redio, ndiyo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, mamlaka ilipotangaza kwamba mitaa kumi ya Goma ihame mara moja, watu wengi walilisikia tangazo kwa redio. Umeme ulikuwa umekatika sehemu kubwa. Simu ya tochi karibu zote zina redio ya FM ndani. Kwenye simu nyingi za kugusa za bei ya chini redio bado iko, ila inataka waya wa masikio, kwa kuwa waya huo ndio antena. Kadiri simu inavyokuwa ya bei kubwa, kishimo cha waya huo kinatoweka. Apple ilikiondoa mwaka 2016 na wengine wakaiga. Redio nayo ikaondoka kimyakimya. Mtu analipa zaidi ili apate simu isiyoweza kusikia tangazo la kuhama bila mega. Hilo lilipaswa kuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Juu ya intaneti ya setilaiti, yaani Starlink, maneno machache yanatosha. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kinshasa iliikataza. Mei 2025 ikaipa kibali. Mbio yake ni ya kweli. Lakini sahani ya kawaida inakula kati ya wati 50 na 100 ikiwaka, na hiyo ni kazi ya paneli kubwa na batiri ya gari. Ni kifaa cha shule, cha kituo cha afya, cha ofisi. Familia isikope kwa ajili yake.

Wanaopaswa kusikia haya kuliko vijana wa Birere ni wale wanaopanga huduma za wahamaji. Siku hizi uandikishaji unafanywa kwa tableti, matangazo ya ugawaji yanapitia kikundi cha WhatsApp, malalamiko yanapokelewa kwa kiungo cha intaneti chenye maandishi ya Kifaransa. Kwa aliye ofisini hiyo ni kazi safi, haina karatasi. Kwa mjane mwenye simu ya tochi anayelala kwenye nyumba ya jamaa huko Ndosho, ni mlango uliofungwa ambao hata hajui uko. Jina lake linaitwa mahali asipoweza kusikia, na baadaye anaambiwa hakufika. Ujumbe wa SMS kwa Kiswahili unafika kwenye kila simu. Sauti iliyorekodiwa inayompigia mtu na kumsomea tangazo inafika hata kwa asiyesoma. Namba ya bure ya kulalamika inafanya kazi bila mega. Vitu hivi viko tayari, vina umri wa miaka mingi, na labda ndiyo sababu havionekani vya maana kwa anayeandika mradi mpya.

Na kituo cha kutia moto cha bure, chenye paneli nne na mlinzi, kando ya kila mahali pa kugawia chakula? Kingegharimu kidogo kuliko semina moja ya hotelini juu ya ubunifu wa kidijitali.

Kuna uchungu mwingine ambao hauwezi kurukwa katika jambo hili. Ndani ya simu hizi zote, ya tochi na ya dola elfu, kuna vipande vidogo vinavyoshikilia moto kwa muda ili mashine ifanye kazi sawasawa. Baadhi yake vinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Rubaya, huko Masisi, inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Kobalti ya batiri, zaidi ya asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Kwa hiyo kuna familia iliyokimbia eneo la Rubaya, sasa inalipa franka kutia moto simu ambayo kipande chake kimoja huenda kilitoka kwenye kilima kinachoonekana kutoka shamba lao. Desemba 2024 serikali ya Kongo iliyashitaki matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji kwa madai ya madini ya vita, nayo Apple ilikana. Mahakama zitasema zitakalosema. Mwenye shamba bado analipia moto.

Ulaya yenyewe imeanza kuchoka na simu zinazozeeka mapema. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinapaswa kuwa na kishimo cha aina moja cha chaja, ile USB-C. Na kuanzia Februari 2027 sheria yao inataka batiri ziwe za kuweza kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Watu wa soko la Virunga wangecheka kusikia kwamba huko batiri ya kutoka inahesabiwa kuwa maendeleo. Hapa ndivyo ilivyokuwa siku zote, mpaka simu za kubandikwa gundi zilipokuja. Lakini sheria hiyo ikifuatwa, itasaidia na huku, kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza aina mbili. Anayenunua chaja na nyaya sasa achukue za USB-C. Waya mmoja utatosha nyumba nzima.

Kwa nyumba yenye pesa ya simu moja nzuri tu, mpangilio unaofaa unaonekana tayari kwa wamama wengi waliojipangia bila kuambiwa na mtu. SIM ya pesa inakaa kwenye simu ya tochi, haitoki nje ya nyumba, haichezewi. Simu ya kugusa ni ya familia yote: inawashwa saa fulani, jumbe za sauti zinasikilizwa pamoja, mwanafunzi anapewa saa yake, kisha inazimwa kabisa, wala si kulazwa tu. Kijana atanung'unika. Lakini moto utakuwepo usiku ambao utahitajika.

Na Kongo haikosi watu wanaojua kuanza na moto. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha roboti za kuongoza magari huko Kinshasa, za alumini, zenye urefu unaopita mtu. Dunia nzima ilipiga picha mikono yake inayozunguka na taa zake za rangi. Kitu ambacho wapiga picha hawakukijali sana ni paneli ya jua iliyowekwa juu yake. Aliyeibuni alijua ataiweka wapi, na alijua umeme wa mahali hapo.

Hapa Goma, mafundi wa simu wanajua kufungua batiri ya kompyuta iliyokufa. Ndani hukutwa seli sita, na mara nyingi tatu au nne bado ni nzima. Ni moja mbovu iliyowaangusha wenzake. Wanazitoa, wanaziunga, wanatengeneza pawabenki nzito isiyopendeza macho, inayotoa moto kweli. Tatizo lao ni kwamba wengi wanazipima kwa kukisia, na seli iliyokisiwa vibaya inaweza kuwaka. Kifaa cha kupimia seli kina bei ndogo kuliko kioo cha simu mpya. Shirika linalotafuta mradi wa teknolojia mjini humu linaweza kuanza kwa kununua 20 na kuzigawa Birere.